Mate na Chembe za Dawa

Ukipaka dawa juu ya kidonda cha mdomoni, haikawii kuondoka. Ulimi huisugua, mate huizoa, nawe waimeza. Kidonda chabaki kikiuma. Je, dawa yawezaje kukaa mahali pake? Ili tujibu swali hili, yatupasa kwanza tuyajue mate.

Tia tone la mate kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uvitenganishe polepole. Utaona uzi mwembamba. Fanya hivyo kwa maji matupu, uzi hakuna. Uzi huo watokana na protini ziitwazo musini. Kila musini ni ndefu, yenye vijitawi vingi vya sukari, na ncha za vijitawi vingi zina chaji hasi. Musini hufanya wavu wa ute unaofunika kinywa na kuzuia vijidudu.

Siku hizi wataalamu hutia dawa ndani ya chembe ndogo mno, zipimwazo kwa nanometa. Milimita moja ina nanometa 1,000,000. Chembe za nanometa 100 zikipangwa safu, zatakiwa mia kadha kutimiza unene wa unywele mmoja.

Tumefundishwa darasani ya kuwa chaji zisizofanana huvutana. Basi chembe ikipakwa kitosani, kitu kitengenezwacho kutokana na magamba ya kamba na kaa, hupata chaji chanya, ikanasa kwenye musini kama ndege kwenye urimbo. Mate hayaizoi upesi, na dawa hutoka kidogo kidogo.

Lakini kunata nako kuna hasara. Ute wa juu hubanduka na kumezwa daima, na chembe iliyonaswa humo huenda nao. Tena musini zaweza kuzizonga chembe zikawa bonge, zisiweze kupenya wavu. Kwa hiyo chembe nyingine hupakwa polietilini glikoli, ipendayo maji na isiyo na chaji, ili ziteleze katikati ya nyuzi.

Kwa hiyo hakuna chembe moja ifaayo kwa kila kazi. Dawa ya kukaa juu yataka kunata. Dawa ya kuingia ndani yataka kuteleza. Mtengenezaji asiyeyajua mate aweza kufanya dawa nzuri, na mgonjwa akaimeza bila ya kumfaa kidonda chake. Apelekaye mzigo hana budi kuijua njia.