DSLR ya Mtumba au Kamera ya Kuvuta Mbali? Vidokezo vya Kuamua Kabla Hujatoa Pesa

Akiba ipo, picha za simu zimekuchosha, na muuzaji amekuwekea kamera mbili mezani kwa bei zinazokaribiana. Moja ni DSLR ya mtumba iliyotoka zaidi ya miaka kumi iliyopita, tuseme Nikon D7000 ya 2010 au Canon EOS 600D ya 2011, pamoja na lenzi yake fupi. Nyingine ina lenzi moja nene isiyobanduka, inayochomoza mbele ukiivuta. Hizi ndizo superzumu, kama Canon SX60 ya 2014 au Nikon P900 ya 2015. Kwa umbo zinafanana: zote zina mshikio wa mkono wa kulia na kitundu cha kuchungulia. Kazi zake, hata hivyo, ziko mbalimbali kama pwani na bara. Pitia haya kwanza.

1. Tafuta picha zilizokuangusha

Fungua simu yako utazame picha ulizotamani zitoke vizuri zikakataa. Kwa kila moja jiulize: nilikuwa mbali kiasi gani, na mwanga ulikuwaje? Ikiwa nyingi zimeharibiwa na umbali, yule furukombe juu ya mti ng'ambo ya ziwa, au mwanao anayekimbia upande wa pili wa uwanja saa nne asubuhi, basi superzumu inakuhusu. Ikiwa zimeharibiwa na giza, ukumbini, kanisani, kwenye maulidi ya usiku, sebuleni umeme ukiwa wa taa moja, DSLR inakuhusu. Umbali na mwanga ndiyo maswali yenye uzito kuliko mengine yote. Na kama unachopiga ni familia nje ya nyumba mchana, ubaki na simu yako. Pesa hiyo ina matumizi mengine.

2. Megapikseli ziache, uliza ukubwa wa kihisi

Nikon D7000 ina megapikseli 16. Nikon P900 nayo ina 16. Muuzaji akikwambia ziko sawa, hajakudanganya kuhusu idadi, ila amenyamaza kuhusu jambo kubwa zaidi.

Kihisi ndicho kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, mahali palipokaa filamu zamani. Cha P900, na cha superzumu nyingi, kina upana wa kama milimita 6.2 kwa 4.6, yaani hakiipiti sana punje ya mahindi. Cha D7000 ni milimita 23.6 kwa 15.6, ukubwa wa stempu ya barua. Ukipiga hesabu ya eneo, kimoja kinakizidi kingine karibu mara 13. Pikseli milioni 16 zikibanwa kwenye punje ya mahindi, kila moja inapata mwanga kidogo sana. Mchana jua likiwaka hutaona tofauti kubwa. Jua likizama, superzumu inalazimika kupandisha ISO, yaani usikivu wa kihisi kwa mwanga, na ukifika 1600 chenga zinaanza kula nywele, kope na nyuzi za vitenge. D7000 kwenye ISO hiyohiyo bado inakupa picha ya kuchapisha na kutundika ukutani.

Kuna kundi la kati linalosahaulika. Panasonic FZ1000 ya 2014 na Sony RX10 III ya 2016 ni superzumu pia, ila kihisi chake ni kile kinachoitwa cha inchi moja, milimita 13.2 kwa 8.8. Hazivuti mbali kama P900 (ya Panasonic inaishia sawa na milimita 400, ya Sony 600) lakini hazizimiki magharibi ikiingia. FZ1000 ya mtumba iliyo nzima, kwa maoni yangu, ndiyo jibu la watu wengi wanaosumbuka na swali hili.

3. Ukienda mbugani, hesabu mita

Chukua bonde la Ngorongoro. Gari haliruhusiwi kuacha barabara, na faru weusi wa pale mara nyingi huonekana kwa mbali katikati ya nyasi. Tuseme amesimama mita 400 kutoka kwenye gari. Faru ana urefu wa mita tatu na ushee.

Kwa D7000 na lenzi ya kawaida ya 18-55, ukiivuta yote, picha inabeba upana wa mita 175 hivi za bonde. Faru wako ni kitone. Ukifunga lenzi ya 70-300, upana unashuka hadi mita 32, na faru anachukua sehemu moja ya kumi ya picha. Anatambulika, basi. Kwa P900 iliyovutwa hadi mwisho wake, sawa na milimita 2000, picha nzima inabeba upana wa mita saba tu. Faru anajaza karibu nusu, na pembe unaziona zote mbili.

Kufika huko kwa DSLR hakuna njia ya mtu wa kawaida. Lenzi kama Tamron 150-600 ina uzito wa karibu kilo mbili peke yake, na mara nyingi bei yake inaipita kamera yenyewe. P900 nzima, na betri ndani, haifiki kilo moja. Kwa mtu wa ndege na wanyama asiye na mfuko mrefu, hapa mjadala umekwisha.

4. Lakini kavute mapema

Milimita 2000 hazishindani na hewa ya moto. Kufika saa tano asubuhi ardhi inatoa mvuke wa joto, na kila kitu kilicho mbali kinacheza kama kiko chini ya maji. Hakuna kamera inayorekebisha hilo. Toka saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha rudi jioni. Wanaolalamika kwamba superzumu yao "haishiki fokasi" wengi wamepiga picha saa saba mchana kwenye tambarare.

Jambo jingine dogo litakalokuokoa: ukishavuta mpaka mwisho, ndege akisogea hatua mbili tu amekupotea. P900 na Canon SX60 zina kitufe ubavuni mwa lenzi. Ukikibonyeza na kukishikilia, kamera inarudi nyuma kidogo ili umtafute tena. Ukikiachia, inavuta palepale ilipokuwa. Kizoee nyumbani kwa kumfuata kunguru kabla hujamfuata tai.

5. Kumbi za harusi ni za DSLR

Ukumbi wa usiku una taa za zambarau na bluu, moshi wa jukwaani, na bibi harusi anayeingia akicheza. Hapo superzumu inachemka, hata ikiwa mpya ya kwenye boksi. P900 haina pa kufungia flashi ya nje, na haihifadhi faili za RAW ambazo zingekuruhusu kurekebisha zile nyuso zilizogeuka bluu.

D7000 ina vyote viwili. Ongeza juu yake lenzi moja ya f/1.8. Kwa Nikon ni 35mm f/1.8G DX iliyotoka 2009, kwa Canon ni 50mm f/1.8 STM ya 2015. Ni lenzi ndogo, nyepesi, hazivuti kabisa, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi za kampuni hizo. Lenzi inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufungua tundu lake kwa f/5.6. Kwa f/1.8 unaingiza mwanga karibu mara kumi. Hii ndiyo tofauti kati ya machozi ya mama yanayoonekana na uso uliotikisika. Nyuma ya bibi harusi viti na maspika vinafifia, na ukungu huo ni wa kweli, hautafuni ukingo wa shela kama ule wa kutengenezwa na programu ya simu.

Kama lengo lako ni kuanza kulipwa kwa picha, sendofu, kipaimara, mahafali, usijadili zaidi. Chukua DSLR kuukuu na lenzi hiyo moja.

6. Weka lenzi kwenye bajeti kabla ya kununua bodi

Bodi za DSLR, yaani kamera yenyewe bila lenzi, zimeshuka bei kwa sababu Canon na Nikon zenyewe zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. DSLR zao kuu za mwisho, Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zote ni za 2020. Kwa mnunuzi wa mtumba hiyo ni neema, maana lenzi zimejaa sokoni. Canon ilianza mfumo wake wa EF mwaka 1987, Nikon mfumo wa F mwaka 1959.

Ila bodi ya bei poa na lenzi yake ya 18-55 ni nusu ya safari. Gawa pesa yako hivi: isizidi nusu kwenye bodi, inayobaki iende kwenye lenzi. Usiponunua lenzi nyingine kamwe, umenunua kamera kubwa inayofanya kazi ya simu. Mtu anayejijua kwamba hatabadilisha lenzi aichukue superzumu kwa moyo mweupe, maana kila kitu alicholipia kimo ndani.

7. Mtego wa Nikon ndogo

Hili linawaumiza wengi, na wauzaji hawalisemi. Nikon D3100, D3200, D3300, D5100 na ndugu zao hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukifunga lenzi ya zamani yenye alama ya AF-D, kwa mfano ile 50mm f/1.8D inayouzwa rahisi, picha inapigwa lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Kwa bodi hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. D90 na D7000 zina mota, zinakubali zote mbili.

Kwa Canon shida ni moja: lenzi za EF-S haziingii kwenye bodi za kihisi kikubwa kama 5D na 6D. Kwenye 600D na jamii yake, EF na EF-S zote zinaingia.

8. Vinavyokimbia na vinavyoruka

Ndege aliyetulia tawini ni wa superzumu. Mdiria anapojitupa majini, DSLR inampata zaidi. Kitundu cha kuchungulia cha DSLR ni kioo na mwanga halisi, unachokiona kinatokea sasa hivi. Cha superzumu ni skrini ndogo, na kwenye kamera za miaka ile inachelewa kidogo, kiasi cha kumpoteza mbayuwayu.

Ongeza na hili: P900 inapiga picha saba kwa sekunde, lakini ikishapiga hizo saba inasimama kuhifadhi. Goli linaingia ikiwa bado inahifadhi. D7000 inapiga sita kwa sekunde na inaendelea.

9. Video

Superzumu inashinda kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu inafuata fokasi yenyewe na inazuia mtikisiko. DSLR nyingi za kabla ya 2013 zinahangaika hapo. Canon 70D ya mwaka huo ndiyo iliyobadilisha mambo. Kama sauti ni muhimu kwako, kagua tundu la maikrofoni. Canon SX60 na Panasonic FZ1000 zinalo, P900 haina.

10. Vumbi la Amboseli, unyevu wa Lamu

Kila ukibandua lenzi ya DSLR, vumbi linapata mlango. Likitua kwenye kihisi linaonekana kama doa la kijivu angani kwenye kila picha, lakini fundi analisafisha. Superzumu haifunguliwi, ila ile lenzi inayoingia na kutoka huvuta hewa, na vumbi likiingia ndani huwezi kulitoa bila kuibomoa kamera. Barabara ya vumbi ikianza, irudishe lenzi ndani uizime.

Pwani adui ni kuvu. Huota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui, hasa kamera ikilala miezi kwenye mkoba wa ngozi. Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

11. Dukani, usiondoke bila kujaribu

Iwe ni Luthuli Avenue au Kariakoo, nenda na memori kadi yako. Kwa DSLR, punguza tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe au anga tupu, kisha ikuze picha kwenye skrini utafute madoa. Piga picha moja uende nayo nyumbani kabla ya kulipa: Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara shata ilivyofyatuka, na programu za bure zinaisoma. Shata ya D7000 ilijaribiwa kwa mara 150,000. Iliyokwisha fika 120,000 iombee punguzo kubwa au iache. Canon za enzi hizo haziandiki idadi hiyo kwenye picha, kwa hiyo angalia mpira wa mshikio na rangi ya vitufe. Mulika tochi ya simu kupitia lenzi, upande huu na ule, utafute kuvu.

Kwa superzumu, ivute hadi mwisho na kuirudisha, tena na tena, sikio likiwa karibu. Inapaswa kwenda kwa mwendo mmoja laini. Ikisita, ikikwaruza, au ikionyesha ujumbe wa hitilafu hata mara moja, mrudishie muuzaji kamera yake, kwa sababu lenzi hiyo ikifa hakuna nyingine ya kubandika.