Kabureta ya Banshee kwa Mchanga wa Muscat: Pima kwa Hewa ya Baridi

Joto likipungua Muscat, kuanzia Novemba hadi Machi, vilima vya mchanga vya Bawshar hujaa kwadi, yaani pikipiki za magurudumu manne. Wenye nafasi zaidi huenda hadi mchanga wa Sharqiya, ulioitwa zamani Wahiba. Katika nchi za Ghuba, kwadi ya mipigo miwili inayopendwa sana ni Yamaha Banshee, iliyoingia sokoni mwaka 1987 ikiwa na silinda mbili, ujazo wa sentimita za ujazo 347 na kabureta mbili za Mikuni za milimita 26. Nchini Marekani iliacha kuuzwa baada ya modeli ya 2006. Kwa hiyo Banshee unayoinunua leo huenda imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, na kabureta zake zimeshachokonolewa mara nyingi.

Aliyewahi kushika Vespa ya Zanzibar au mashine ya boti ya mipigo miwili anaujua msingi: oili husafiri ndani ya petroli. Petroli ikipungua kuliko hewa, joto hupanda na ulainisho hupungua kwa wakati mmoja. Pistoni hutanuka, hukwaruza silinda, kisha hushika. Ndiyo maana kuchagua kabureta na jeti zake, yaani vipande vyenye tundu la kupitisha petroli, ni kazi ya kulinda injini kwanza, nguvu baadaye.

Hewa ya Muscat hubadilika kuliko unavyodhani

Mchana wa Julai joto hupita nyuzi 40. Alfajiri ya Januari hushuka hadi nyuzi kumi na kitu. Hewa ya nyuzi 20 ni nzito kuliko ya nyuzi 45 kwa takriban asilimia 8, lakini tundu la jeti halibadiliki. Fundi akikupunguzia jeti mwezi wa Agosti ili injini iitike vizuri kwenye joto, halafu ukaingia Bawshar alfajiri ya Januari bila kuigusa, injini itapata hewa nyingi na petroli kidogo. Itavuta vizuri ajabu kwa dakika chache, na hapo ndipo pistoni huungua.

Kanuni ni hii: pima jeti kwa saa ya baridi kuliko zote utakazopanda. Mchana ukipata joto injini itakuwa nzito kidogo kwa petroli kuzidi, na hilo halina madhara.

Milimani mambo hugeuka. Uwanda wa Saiq, kwenye Jabal Akhdar, uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya pwani. Ukifika na jeti za pwani, injini itakabwa na petroli na plagi zitajaa masizi. Ukibadilisha jeti huko juu, rudisha za pwani kabla ya kuwasha injini tena bondeni.

Ukubwa wa kabureta

Kabureta kubwa haimaanishi mwendo mkubwa. Tundu pana hupunguza kasi ya hewa pale resi inapokuwa ndogo, na mchangani unahitaji nguvu ya kuanzia chini ili usizame.

- Injini ya kiwandani, hata ikibadilishwa ekzosi: milimita 26 za asili zinatosha. Zisafishe, badilisha gasketi na sindano za boya.
- Injini iliyochongwa matundu ya silinda na kufungwa ekzosi za mbio: milimita 28 kwa kila silinda.
- Injini ya mashindano, inayoishi kwenye mizunguko ya juu: milimita 33 hadi 35, kwa mpandaji mzoefu.

Wapo wanaoondoa kabureta mbili na kufunga moja kubwa yenye manifoldi ya njia mbili. Inapoteza kidogo mwitikio, lakini hupimwa kwa urahisi kwa kuwa jeti ni seti moja. Ukibaki na mbili, hakikisha slaidi zote huinuka kwa pamoja, la sivyo silinda moja itafanya kazi ya mwenzake.

Jihadhari na nakala za kabureta za Keihin PWK zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Matundu yake mara nyingi hayalingani na namba zilizochapwa. Tena, namba za Keihin na za Mikuni hazipimwi kwa njia moja, hivyo usihamishe namba ya jeti kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Kila sehemu ina zamu yake

Resi ikiwa chini ya robo, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo zinazoamua. Kutoka robo hadi robo tatu ni kazi ya sindano: ukishusha klipu, sindano hupanda na petroli huongezeka. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa, ambayo hubeba mzigo wote unapopanda kilima kirefu cha mchanga.

Hatua za kupima

1. Safisha filta ya sponji, ipake oili yake. Kagua mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa huingia kwa wizi na hakuna jeti itakayosaidia.
2. Changanya oili kwa kipimo kimoja siku zote. Kwa 32 kwa 1, lita 20 za petroli hutaka mililita 625. Ukizidisha oili, petroli inayopita kwenye jeti hupungua.
3. Pasha injini moto, kisha zungusha skrubu ya hewa mpaka iitike haraka. Ikitaka kufunguliwa chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Ikipita miwili na nusu, ni kubwa mno.
4. Anza na jeti kubwa iliyozidi. Funga plagi mpya, vuta resi yote kwa sekunde chache kwenye mchanga tambarare ulio wazi, kisha zima injini na ushike klachi papo hapo.
5. Fungua plagi zote mbili. Kahawia ni salama, nyeusi na mbichi ni petroli nyingi, nyeupe ni hatari. Shuka jeti hatua moja moja, na injini ikivuta safi, rudi juu hatua moja kwa ajili ya mzigo wa mchanga.

Usiache usalama nyuma

Kabureta za asili za Banshee zina mfumo wa TORS, unaokata nguvu ya injini resi inapokwama. Kabureta za kubadilisha kwa kawaida hazina. Chembe chache za mchanga zinatosha kuikwamisha slaidi, kwa hiyo funga swichi ya kamba inayozima injini mara mpandaji anapoanguka. Mtoto asipande kwadi hii hata mara moja.

Mwisho, andika kwenye daftari namba za jeti, nafasi ya klipu, mizunguko ya skrubu, mahali na joto la siku hiyo. Fundi mpya akishika mashine yako, mpe daftari kabla ya kumpa bisibisi.