Sproketi ipi ya mbele kwa milima mikali?

SWALI: Baiskeli yangu ya mbio ina sproketi mbili za mbele, meno 53 na 39. Nyuma, kubwa ina meno 25. Nikipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto magoti yananiuma sana. Naweza kufunga ya meno 34 kwenye krenki ileile?

JIBU: Kwa krenki yako, huenda isiingie. Pima umbali kati ya vitovu vya matundu mawili ya bolti yanayopakana. Kwenye krenki ya bolti tano, ukipata milimita 76 hivi, duara la bolti ni milimita 130, na ndogo kabisa inayokaa hapo ni ya meno 38. Ukipata 65, duara ni 110, na 34 inaingia. Hapo badilisha na 53 uweke 50, maana pengo la meno 19 linaisumbua gia ya mbele.

Lakini mimi ningeanzia nyuma. Sasa mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza kama mita 3.3. Ukiweka 34 mbele, inashuka hadi 2.9. Ukiacha 39 na kufunga kaseti yenye meno 32, unapata 2.6, na krenki hujaigusa. Gia ya nyuma lazima iwe ya mkono mrefu, inayokubali meno 32, na cheni iongezwe urefu. Cheni fupi ikipandishwa kubwa kwa kubwa inaweza kuvunja gia.

Usinunue chochote kabla ya kupima.