Dondoo muhimu: Wawili, Berlin, na mfuko mwembamba

Kwanza kabisa, tafuteni chumba ambacho mwenye nyumba atakubali kuwaandikia barua ya kuthibitisha kwamba mmehamia hapo. Bila barua hiyo hamwezi kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, na sheria inawapa siku 14 tu tangu kuhamia. Kwa usajili huo ndipo mnapotumiwa namba ya mlipakodi, ambayo mwajiri ataidai. Chumba cha bei nafuu kisicho na barua kiacheni, hata kama kinavutia.

Tangazo likitaja Kaltmiete, bei hiyo haina gharama za kupasha nyumba joto. Ulizeni Warmmiete, yaani kodi pamoja na gharama hizo, ndipo mpige hesabu. Dhamana isizidi Kaltmiete ya miezi 3, na mna haki ya kuilipa kwa awamu 3. Msitume hata senti kabla ya kuiona nyumba. Matapeli wanawalenga wageni hasa.

Jumapili maduka mengi hufungwa, basi manunuzi yaishe Jumamosi. Makopo ya soda msitupe: mashine ya dukani huwarudishia senti 25 kwa kila moja.

Na majina yenu yote mawili yabandikeni kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo ya kuhamia, maana tarishi asipoyaona, barua hurudishwa ilikotoka.