Injini Isiyo na Dereva Ndani Yake

Nchi ya Kisii na Nyamira haina reli. Mtu wa Keroka akitaka kuona garimoshi husafiri mpaka Kisumu, ambako reli iliyotoka Mombasa ilifika mwezi Desemba 1901. Penye stesheni kubwa huwapo uwanja wenye njia nyingi za chuma, ambapo injini huenda mbele na nyuma ikitenga mabehewa na kuyaunga tena. Kazi hiyo ya kupanga mabehewa haina mwendo wa kasi, lakini imeua na kulemaza watu wengi duniani. Yafaa tujifunze sababu zake.

Behewa moja lililojaa mzigo huweza kupita tani 40. Likisukumwa, laviringika chuma juu ya chuma, karibu bila sauti, wala halisimami upesi. Tena, dereva anayesukuma mabehewa 10 haoni kilicho mbele ya behewa la mwisho. Kwa hiyo tangu zamani huwapo mtu chini, mwenye bendera mchana na taa usiku, awe macho ya dereva. Ni kama lori la ndizi linaporudi nyuma katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Utingo husimama nyuma akimwongoza dereva. Utingo akinyamaza, dereva mwenye akili hufunga breki.

Siku hizi liko jambo jipya. Katika miaka ya 1990 huko Kanada, na baada ya mwaka 2000 huko Marekani, zilienea injini zinazoendeshwa kutoka chini. Mfanyakazi husimama kando ya njia, amevaa kisanduku chenye swichi, na amri zake hupelekwa kwa redio mpaka kwenye injini. Ndani ya injini huenda asiwemo mtu hata mmoja.

Faida zipo. Anayeiona njia ndiye anayeendesha, basi hakuna ishara ya bendera ya kufahamika vibaya. Mawasiliano ya redio yakikatika, breki hujifunga. Vilevile mwenye kisanduku akianguka, kisanduku kikalala upande, injini husimamishwa.

Hata hivyo hatari haikuondoka, imehama tu. Kazi iliyokuwa ya watu wawili au watatu yaweza kuwa ya mtu mmoja au wawili. Mtu yule yule anayeendesha ndiye anayetembea juu ya kokoto, anayegeuza njia na kufungua viungo vya mabehewa. Akili yake imegawanyika. Pia "mbele" ya injini si lazima iwe mbele yake yeye. Akisahau injini imeelekea wapi, aweza kuiagiza ije kule alikosimama mwenzake. Redio haijui amri njema na amri mbaya. Hupeleka zote kwa uaminifu. Na akisimama mbali na behewa linalotangulia, atakuwa kipofu kama dereva wa zamani, wala hakuna utingo wa kumwonya.

Kwa sababu hiyo idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa reli ilitoa mashauri mwezi Februari 2001. Huko mwenye kisanduku hahesabiwi kuwa msaidizi tu. Hana budi kufundishwa na kupewa cheti, kwa kuwa yeye ndiye dereva.

Somo lenyewe ni hili: mashine yaweza kusimama mtu akianguka, lakini haiwezi kutazama njia kwa niaba yake. Asiyeona njia asisukume. Anayetaka kuingia kati ya mabehewa na asiingie mpaka mwenye kisanduku amjibu kwamba amefunga breki.

Nasi tusio wafanyakazi wa reli tunalo la kushika. Wako watu wanaokata njia kupitia uwanja wa mabehewa, au kutambaa chini ya behewa lililosimama, wakitazama kwanza kama yumo dereva. Kipimo hicho hakifai kitu. Injini isiyo na mtu ndani huenda imo kazini, na behewa lililotulia laweza kugongwa na jingine upande usiouona. Pita penye kivuko, simama, tazama pande zote mbili, nawe wafundishe watoto wako hivyo hivyo. Safari ndefu kidogo ni bora kuliko mguu uliokatika.