Farasi wa Uffington: Anaelekea Jua au Ameelekezwa Kwalo?

Katika mteremko wa kilima cha Uffington, kusini mwa Uingereza, pana mchoro wa farasi wenye urefu wa takriban mita 110. Walioufanya walichimba mifereji na kuijaza chaki iliyopondwa, yaani mawe meupe laini ya chokaa. Vipimo vya miaka ya 1990, vilivyochunguza ni lini udongo ulimulikwa na jua kwa mara ya mwisho, viliuweka mchoro huo kati ya 1380 na 550 K.K. Mjadala uliosalia ni wa kusudi.

Mwaka 2017, mwanaakiolojia Joshua Pollard wa Chuo Kikuu cha Southampton alitoa hoja kwamba huyo ni farasi wa jua. Mtu akisimama mkabala na kilima katikati ya majira ya baridi, jua huonekana likichomoza nyuma ya farasi, likimkaribia kadiri siku inavyosonga, hatimaye likampita. Farasi mwenyewe anakimbilia magharibi, njia ileile ya jua. Aidha, huko Trundholm, Denmark, kulipatikana mwaka 1902 kigari cha shaba nyeusi cha karne ya 14 K.K. hivi, ambamo farasi anakokota kisahani kilichopakwa dhahabu upande mmoja. Kwa hiyo wazo la farasi na jua halikuwa geni Ulaya ya kaskazini zama hizo, na hiyo ndiyo nguzo imara zaidi ya hoja ya Pollard.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili ana chombo cha kuipimia. Kitenzi *elekea* hakidai mtu wa kukusudia: mto huelekea baharini. *Elekezwa*, chenye kauli ya kutendesha na ya kutendwa, hudai mtendaji hata asipotajwa. Kwamba farasi anaelekea magharibi, kila mwenye macho ataafiki. Kwamba ameelekezwa huko kwa ajili ya jua ni dai jingine kabisa, na ushahidi wa la kwanza hauwezi kukopeshwa la pili. Ikumbukwe kwamba katika nchi za kaskazini jua la Desemba hupita chini upande wa kusini. Basi chochote kilichochorwa kwenye mteremko unaotazama kaskazini, awe farasi au mbuzi, kitapitiwa na jua hilo machoni pa aliye bondeni.

Kenya nayo ina funzo lake. Mwaka 1978, Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo 19 za mawe za Namoratunga, Turkana, zilipangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Mwaka 1982, Robert Soper alionyesha kwamba mawe hayo yana usumaku unaoyumbisha dira, akavipima upya vipimo vile. Hapo dosari ilikuwa katika kupima. Uffington, tatizo ni mahali pa kupimia: mtazamaji akisogea hatua mia kadhaa kando, jua nalo huhamia pengine juu ya ukingo wa kilima. Yangepatikana bondeni mashimo ya nguzo au jukwaa la umri mmoja na mchoro, mahali palipoandaliwa watu wasimame na kutazama, kitenzi *elekezwa* kingepata mtendaji wake.