Masikio, Presha na Mbizi ya Kwanza Shelisheli

*Daktari, mimi ni mwalimu, nipo Iringa, nina miaka 41. Mwezi wa kumi mimi na mume wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa, na tumedunduliza fedha ya kwenda Shelisheli siku saba. Tunataka kujaribu kuzamia kwa mitungi, jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Shida yangu ni masikio: basi likiteremka mlima wa Kitonga tu, yanaziba na kuuma. Mume wangu ana miaka 46, ana presha na anatumia dawa, na sigara bado hajaacha. Tunaweza kwenda? Na papa je?*
Mwalimu, Iringa

Mwalimu, hongereni kwa miaka 15. Nianze na papa ili tumalizane naye. Wapo, na wale wa miambani ni waoga kuliko ninyi. Mkibahatika mwezi huo mtamwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, ambaye chakula chake ni vidagaa na viumbe vidogo vinavyoelea majini. Mpigeni picha kwa mbali, basi. Cha kuogopa huko chini ni hewa, tena hewa mtakayokuwa mmeibeba wenyewe: masikioni, mapafuni, na mgongoni ndani ya mtungi. Mtungi wenyewe si wa oksijeni kama wengi wanavyouita. Ni hewa hii hii tunayovuta, iliyoshindiliwa kwa mashine, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni.

Sasa masikio. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kijichumba chenye hewa, na kijichumba hicho kina mrija mwembamba unaotokea nyuma ya pua. Ukishuka, mgandamizo wa nje unaongezeka na kuisukuma ngoma ndani, mpaka hewa ipite kwenye mrija na kusawazisha. Kule Kitonga ukimeza mate au ukipiga mwayo, "tap", mambo yanakaa sawa. Lakini fanya hesabu hii. Kutoka Iringa mjini hadi baharini Dar es Salaam, takribani kilomita 500 za basi, mabadiliko yote ya mgandamizo hayafikii yale ya kushuka mita 2 ndani ya maji. Safari ya siku nzima, wewe utaimaliza kwa sekunde chache. Ndiyo maana wanaoanza huumia palepale karibu na juu, wala si kwenye kina.

Dawa yake ni kuziba pua kwa vidole na kupuliza polepole mdomo ukiwa umefumbwa, tena uanze ukiwa bado juu ya maji na urudie kila unaposhuka kidogo. Usingoje maumivu. Yakija, simama, panda kidogo, jaribu tena. Yakikataa, mbizi imekwisha kwa siku hiyo. Kabla ya safari nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akakuangalie ngoma na njia za pua. Tundu kwenye ngoma, hata dogo, linakuzuia kuzamia mpaka lipone na daktari athibitishe.

Mafua nayo yahesabu kuwa ni marufuku. Mimi mwenyewe niliwahi kuzamia Mafia nikiwa na mafua kwa kuwa nilishalipa na sikutaka fedha yangu ipotee. Nilitoka na damu puani, na kwa wiki tatu wagonjwa wangu walilazimika kurudia kila sentensi. Wapo wanaomeza vidonge vya kuzibua pua asubuhi wakajiona wajanja. Kidonge kikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inakwama masikioni wakati wa kupanda, na huko juu ndiko unakotaka kwenda. Mumeo asiviguse kabisa, baadhi yake hupandisha presha.

Masikio huuma, lakini mapafu ndiyo yanayoua. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu hapo, ukabana pumzi na kupanda, hewa ile inataka nafasi mara mbili, na pafu haliwezi kuitoa nafasi hiyo. Linachanika, mapovu yanaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Hata mita 1 au 2 zinaweza kutosha. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mkufunzi yeyote ni kupumua muda wote, bila kubana, na kupanda taratibu. Hapa ndipo pumu, kifafa na historia ya pafu kuchanika zinapokuwa habari nzito. Mjamzito haendi.

Mume wako sasa, na hapa nitasema wazi. Presha iliyodhibitiwa vizuri si lazima imzuie. Sigara juu yake, na umri kupita 45, vinanifanya nisimruhusu kabla ya kupimwa. Mwili ukizama, damu nyingi ya miguuni husukumwa kifuani, moyo unafanya kazi zaidi, na kwa baadhi ya watu wenye presha mapafu yanaweza kujaa maji bila hata kumeza bahari. Ongeza mkondo wa maji na hofu ya mara ya kwanza. Aende kliniki walau wiki sita kabla: presha ipimwe siku kadhaa, apimwe umeme wa moyo, na ikiwezekana aangaliwe moyo akiwa anakimbia kwenye mashine. Dawa zake zitajwe kwa majina, kwa sababu baadhi ya zile zinazopunguza mapigo humfanya mtu achoke upesi majini.

Mtapewa fomu ya afya. Wengi huijaza "hapana, hapana, hapana" kuanzia juu hadi chini kwa kuwa boti linangoja na aibu nayo ipo. Ukijibu "ndiyo" popote panapogusa moyo au mapafu, watataka saini ya daktari, na kumtafuta daktari kisiwani ni siku nzima ya likizo. Pakueni fomu hiyo mapema, isainiwe Iringa.

Hujaniambia kama mnajua kuogelea. Kozi kamili ya mwanzo huchukua siku tatu au nne, hutaka muogelee mita 200 na kuelea dakika 10, kisha mnaruhusiwa hadi mita 18. Mbizi ya majaribio ni nusu siku, mkiwa mmeshikwa mkono na mkufunzi, na haizidi mita 12. Kwa siku saba za maadhimisho ya ndoa, mimi ningechagua majaribio. Kozi Unguja na Mafia ipo, mtaifuata kwa nauli ndogo.

Mwezi wa kumi mmeuchagua vizuri. Shelisheli inapigwa na pepo zetu zilezile: kusi huchafua bahari kuanzia Mei, na tangambili ya Oktoba na Novemba hutuliza maji. Homa ya manjano chanjeni angalau siku 10 kabla ya kuingia, kadi ya kweli, si ya uchochoroni. Malaria kule hakuna, lakini mnaweza kutoka nayo huku. Mmoja wenu akipata homa, amwambie daktari wa kule kwamba ametoka Tanzania. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huacha nje ajali za kuzamia, someni maandishi madogo. Na kabla ya kulipa, ulizeni kituo: boti lina oksijeni ya dharura? Chumba cha mgandamizo cha kuwatibu wazamiaji kipo wapi?

Mwisho, ndege ya kurudi. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji hutoka polepole, na ukipaa mapema hugeuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa: viungo vinauma, miguu inakufa ganzi. Hewa ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya kilele cha mita 2,400. Baada ya mbizi moja ya kawaida ngojeni angalau saa 12, baada ya mbizi za siku kadhaa saa 18, na mimi huwaambia wagonjwa wangu 24. Kama ndege yenu ni Jumamosi asubuhi, mbizi ya mwisho iwe Alhamisi. Ijumaa mwende kisiwa cha Praslin mkaone minazi ya Vallée de Mai yenye nazi kubwa kuliko mbegu yoyote duniani. Nendeni kwa boti, takribani saa moja kutoka kisiwa kikuu cha Mahé. Ile ndege ndogo iendayo huko iacheni.